Dondoo muhimu: Kuchagua bao la kete

Kuanzia Mwenge hadi Mji Mkongwe wa Bagamoyo utakuta mabao ya kila namna: ya kukunja yenye bawaba, ya mpingo yanayong'aa, na yale mazito ya barazani. Hesabu mashimo kwanza. Bao la Kiswahili lina 32, safu nne za mashimo manane. Kisha tafuta nyumba, lile shimo la mraba katika safu ya ndani. Kaa upande mmoja: liwe la tano kutoka kushoto kwako. Zunguka upande wa pili uhesabu tena, liwe vilevile. Ukikuta nyumba mbili zimekabiliana, au hazipo kabisa, hilo ni pambo la sebuleni; usilipe bei ya bao.

Tia vidole shimoni. Visipoweza kuchota kete zote kwa mkupuo mmoja, mchezo utakuudhi kila siku.

Kete nzuri ni komwe. Dai 64, uzihesabu hapohapo, maana kila mchezaji huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi. La kukunja? Linafaa safarini, lakini la nyumbani liwe la gogo moja.