Abigaili na Yezebeli: Wake Wawili, Njia Mbili



Tunaposoma habari za wanawake wa Biblia, huwa twawagawa upesi: huyu mwema, yule mbaya. Jina la Yezebeli hata limegeuka kuwa tusi. Lakini tukikimbilia kuhukumu hatujifunzi kitu. Leo tuwatazame wake wawili, Abigaili na Yezebeli, tuone walitofautiana wapi hasa. Tafadhali someni pamoja 1 Samweli sura ya 25 na 1 Wafalme sura ya 21.

Wake hawa wanafanana kuliko tunavyodhani. Wote wawili waliolewa na wanaume wenye mali. Wote walikuwa wajasiri, wenye akili na wepesi wa kutenda. Waume wao walikuwa na kasoro kubwa. Na siku ya tatizo, kila mmoja alitenda bila kumweleza mumewe alichokusudia. Basi kwa nini mmoja aliokoa nyumba yake na mwingine akaiingiza katika damu?

Yezebeli: alilisha tamaa ya mumewe

Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na ikulu yake huko Yezreeli. Alitaka kulifanya bustani ya mboga. Nabothi alikataa, kwa kuwa shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akarudi nyumbani amenuna, akalala kitandani, akageuza uso wake na kukataa chakula.

Yezebeli akamwuliza ana nini. Hapo tuangalie vizuri jibu la Ahabu. Alimwambia kwamba Nabothi amekataa kumpa shamba, basi. Neno la urithi wa baba zake hakulitaja. Alimpa mke wake nusu ya habari. Naye Yezebeli hakuuliza nusu ya pili. Alimwambia mumewe aamke ale, shamba atampatia yeye. Akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga mhuri wake, wakatafutwa mashahidi wa uongo wawili, na Nabothi akapigwa mawe mpaka akafa.

Yezebeli alipomletea habari kwamba Nabothi amekufa, Ahabu hakuuliza amekufaje. Aliondoka kwenda kulichukua shamba. Lakini nabii Eliya alimkuta huko huko, akamshitaki kwa kuua na kurithi. Mkono ulioandika barua ulikuwa wa mke, lakini Mungu alimwuliza mume pia. Kunyamaza kwa kuwa unafaidika ni kushiriki dhambi.

Abigaili: alizuia ubaya, kisha akasema kweli

Nabali alikuwa tajiri, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, lakini alikuwa mkali na mwenye kiburi. Vijana wa Daudi walikuwa wamewalinda wachungaji wake. Daudi alipoomba chakula wakati wa kukata manyoya ya kondoo, Nabali alimtukana. Daudi akaondoka na watu 400 wenye panga ili aangamize kila mwanamume wa nyumba ile. Hasira hasara.

Mtumishi mmoja alimweleza Abigaili habari yote, na Abigaili alimsikiliza. Mumewe alikuwa mtu asiyeambilika, na muda ulikuwa mfupi. Akapakia juu ya punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotayarishwa, bisi, zabibu kavu na tini, akaenda kumlaki Daudi. Alijiinamisha mbele yake na kumsihi asimwage damu, asije akajuta siku atakapokuwa mfalme. Daudi akamshukuru Mungu aliyemtuma mwanamke huyu.

Aliporudi alimkuta Nabali amelewa sana katika karamu. Hakumwambia kitu usiku ule. Asubuhi, divai ilipomtoka, alimweleza yote. Hapa ndipo tunapoona tabia yake njema. Alitenda bila mumewe kujua kwa sababu maisha ya watu yalikuwa hatarini, lakini hakuifanya siri hiyo kuwa desturi. Alichagua saa ya kusema, na alisema.

Tofauti iko wapi?

Yezebeli alimpa mumewe alichokitaka. Abigaili alimpa mumewe alichokihitaji. Yezebeli huenda angeonekana mke mzuri kwa majirani: alimwona mumewe ana huzuni, akamfariji, akamtimizia haja. Lakini upendo usioweza kusema "hapana, hili si haki" humharibu mwenzako.

Tuseme baba amerudi nyumbani na hasira kwa sababu ya mpaka wa shamba. Anasema jirani amemdharau. Hasemi kwamba ni yeye aliyeng'oa mkonge wa mpaka. Mama anaweza kusema, "Usikubali, mwonyeshe wewe ni nani!" Au anaweza kumpa chai, amwache atulie, kisha amwulize, "Baba Fulani, naye jirani alisemaje?" Swali hilo dogo lingemwokoa Nabothi.

Nanyi akina baba, msidhani somo hili ni la wake tu. Mama akirudi kutoka kwenye chama amekasirikia mwenzake, nawe una zamu ya kuwa Abigaili au Yezebeli. Tena jiulize: je, mke wangu anaweza kunisahihisha bila kuogopa? Ole wa nyumba ambayo watumishi na watoto husema baba haambiliki.

Neno moja kwa walio katika shida kubwa. Abigaili si mfano wa kuvumilia kipigo. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mwenye ndoa kuishi mbali na mwenzake anayemtia yeye au watoto katika hatari kubwa. Usikae kimya. Mwone padre wako na watu unaowaamini, na utafute usalama kwanza.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, ninapomweleza mwenzangu ugomvi wangu na watu, namwambia habari yote au nusu?

2. Je, kuna kitu ndani ya nyumba yetu tulichokipata bila haki, nasi tumenyamaza? Tutakirudishaje?

3. Ni saa gani nzuri kwetu ya kuambiana maneno magumu? Tukubaliane juu yake wiki hii.

Sala: Ee Bwana, uliyetuunganisha kwa sakramenti ya ndoa, utujalie kupendana katika kweli. Utupe masikio ya kusikiliza, ujasiri wa kuzuia ubaya, na upole wa kusema kwa wakati wake. Amina.