Kitunguu Saumu Bustanini: Kwa Nini Majani Huota Bila Kichwa

Malalamiko ni yale yale, uwe Makongeni au Kimbo. Mkaazi amechukua kitunguu saumu kilichochipuka jikoni, akatenganisha punje, akazipanda. Majani yametoka mazuri, ameyamwagilia miezi mitano, na siku ya kung'oa anakuta kijitunguu kimoja cha mviringo kisichogawanyika, au hakuna kitu chini isipokuwa mizizi. Udongo unalaumiwa, samadi inalaumiwa, hata mwezi wa kupanda unalaumiwa. Mara nyingi shida ilianza mapema zaidi, siku ya kuchagua mbegu.

Somo hili linaeleza chanzo cha jambo hilo na namna ya kupata vichwa vya kweli katika bustani ya nyumbani hapa Thika na Ruiru. Kila msimu unaopotea ni pesa ya jikoni, na mbegu mbaya inaweza kuacha ugonjwa ardhini kwa miaka mingi baada ya wewe kusahau kuwa uliwahi kupanda saumu.

Mmea uliozoea baridi

Asili ya kitunguu saumu ni Asia ya Kati, nchi za milima ambako theluji huanguka kila mwaka. Huko punje hutoa mizizi kabla ya majira ya baridi, hutulia wakati wa baridi kali, kisha hukua haraka jua linaporudi. Mmea huo husubiri ishara mbili kabla ya kuanza kujigawa punje: wiki kadhaa za baridi, halafu mchana unaorefuka. Usipopata ishara hizo, huendelea tu kutoa majani, au hutengeneza kitunguu kimoja kisicho na punje.

Si saumu zote zinazodai ishara hizo kwa nguvu sawa. Kuna saumu ya shingo ngumu na saumu ya shingo laini. Ya shingo ngumu ina kijiti kigumu katikati, na punje zake, ambazo mara nyingi ni kati ya nne na kumi, ni nene na zimekizunguka kijiti hicho kwa mstari mmoja. Ikiwa imeridhika na hali ya hewa hutoa kikonyo cha ua kinachojikunja kama mkia wa nguruwe. Ya shingo laini haina kijiti. Punje zake ni nyingi, kubwa nje na ndogo ndani, na shingo yake ikikauka unaweza kuisuka kama nywele. Kata shingo ya kitunguu chochote utazame, hutakosea.

Ya shingo ngumu inasifiwa kwa ladha kali na punje zilizo rahisi kumenya, na ndiyo maana wapenzi wa bustani huitafuta. Lakini ndiyo inayodai baridi zaidi. Huhitaji wiki nyingi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na aina nyingi hutaka pia mchana wa zaidi ya saa 13.

Sasa tazama tulipo. Thika na Ruiru ziko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, digrii moja tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka hapa haifiki dakika 10. Julai yetu ni ya mawingu na sweta, lakini kwa kawaida usiku haushuki chini ya nyuzi 10 kwa wiki mfululizo. Ndugu zetu wa Limuru na Lari, walio juu ya mita 2,000, wana baridi tusiyokuwa nayo, ingawa urefu wa mchana wao ni ule ule wetu.

Hivyo ushauri wetu ni wazi. Ukitaka vichwa vya kutumia jikoni, panda saumu ya shingo laini ambayo imezalishwa miaka mingi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ya shingo ngumu ipande kwa majaribio, au kwa ajili ya majani, ambayo hayahitaji baridi yoyote na hufaa kwenye mayai na mchuzi kama kitunguu cha majani.

Mbegu inatoka wapi

Kitunguu saumu hakipandwi kwa mbegu za pakiti kama sukumawiki. Hupandwa punje, kwa hiyo kila punje hubeba tabia ya mama yake, pamoja na magonjwa yake.

Saumu nyingi inayouzwa mijini kwetu hutoka China, nchi inayozalisha zaidi ya thuluthi mbili ya saumu yote duniani. Ni chakula kizuri lakini ni mbegu duni kwetu. Imezoea majira ya mbali, na baadhi yake hutiwa dawa au hupitishwa kwenye mionzi ili isichipue dukani. Mara nyingi utaitambua kwa weupe wake wa kupendeza na kitako kilichonyolewa mizizi hadi kikawa laini. Ya kwetu huwa ndogo, ngozi yake mara nyingi ina rangi ya zambarau au vumbi la udongo, na mizizi iliyokauka bado imening'inia.

Katika soko la Madaraka mjini Thika au soko la Ruiru, muulize mama wa vitunguu saumu yake imetoka wapi. Usione haya. Wachuuzi wanajua, kwa sababu bei ya kununulia si moja. Saumu ya Meru, hasa upande wa Timau, hulimwa juu ya mlima penye baridi lakini chini ya mchana wetu huu wa saa 12. Ya Mbulu, mkoani Manyara nchini Tanzania, nayo imepandwa na kurudiwa na wakulima wa huko kwa miaka mingi. Hizo ndizo za kujaribu kwanza. Ukiwa na jirani anayevuna vichwa kweli kweli, basi mbegu yake ni bora kuliko zote, kwa sababu imekwisha kufaulu mtihani wa mtaa wako.

Tahadhari moja ya mfuko: akija mtu kukuuzia mbegu ya saumu kwa bei ya juu na kukuahidi kwamba yeye ndiye atakayenunua mavuno, mwombe mkataba ulioandikwa na umwonyeshe afisa wa kilimo kabla ya kulipa.

Friji kama Limuru ndogo

Kwa kuwa baridi ya kutosha hatuna, tunaweza kuikopa. Chagua vichwa vizima, vikavu na vigumu. Usivitenganishe. Vitie katika mfuko wa karatasi na uviweke sehemu ya chini ya friji, mbali na friza, kwa wiki sita hadi nane. Mfuko wa plastiki haufai, hukusanya jasho na kuleta ukungu. Saumu ikigandishwa barafu imekufa, kwa hiyo friji inayogandisha mboga pembeni iangaliwe.

Friji haiwezi kukupa mchana mrefu. Ndiyo sababu saumu ya shingo ngumu kutoka Ulaya au Marekani inaweza kukaa friji miezi miwili na bado ikakataa. Lakini kwa mbegu ya nyanda zetu za juu, wiki hizo sita huongeza nafasi ya kupata kichwa kilichogawanyika vizuri. Wasio na friji waipande hivyo hivyo, mradi ni mbegu ya hapa na wakati umefuatwa.

Wakati wenyewe ni huu. Mbegu iingie friji katikati ya Machi, mvua ndefu zinapoanza. Ipandwe kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei. Mvua ya mwisho itaotesha, baridi ya Juni hadi Agosti itaupata mmea ukiwa na majani ya kutosha, na ukavu wa Septemba utakausha vichwa kabla ya mvua fupi za Oktoba. Wako wanaopanda Oktoba na kuvuna Februari au Machi. Inawezekana, ila vichwa hujaa wakati wa jua kali la Januari, na maji huhitajika mengi zaidi.

Tuta

Upande wa Ruiru palipokuwa na mashamba ya kahawa, udongo ni mwekundu, wa kina na unaopitisha maji, lakini mara nyingi una asidi. Upande wa Juja na sehemu za Thika kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Wa kwanza hunufaika na chokaa ya shambani kidogo, ikiwezekana baada ya kupima udongo. Wa pili unahitaji tuta lililoinuliwa angalau sentimita 20, na mboji nyingi, la sivyo punje zitaoza Mei kabla hazijaota.

Hata kwenye ploti ya arobaini kwa themanini iliyojaa nyumba, tuta la mita 1 kwa mita 3 hupatikana mahali penye jua la saa sita au zaidi. Changanya debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta wadudu. Panda punje ncha ikiangalia juu, kina cha sentimita 3 hadi 5, sentimita 10 kati ya punje na 20 kati ya mistari. Tuta hilo litachukua mistari mitano ya punje 30, yaani mimea 150. Ukitumia punje kubwa za nje tu, utahitaji vichwa 20 hadi 25 vya mbegu. Punje ndogo za katikati zipeleke jikoni, maana punje ndogo huzaa kichwa kidogo.

Tandaza nyasi kavu, na weka wavu au miiba. Kuku wa jirani hawali saumu, lakini watachakura tuta jipya hadi la mwisho.

Mwagilia mara mbili kwa wiki mvua ikikosekana, asubuhi, chini ya majani. Maji ya mitaro ya majitaka yasitumike kabisa. Mimea ikifikisha majani manne au matano, weka kijiko kikubwa kimoja cha CAN kwa mita ya mraba, au maji ya samadi. Baada ya miezi mitatu acha mbolea hizo, kwa sababu zitakuza majani wakati unaotaka kichwa. Palizi ifanywe kwa mkono, mizizi ya saumu iko juu juu.

Ugonjwa usioondoka

Thripi na madoa ya zambarau kwenye majani hupunguza mavuno, na nafasi nzuri kati ya mimea husaidia. Ugonjwa wa kuogopwa ni uozo mweupe. Majani ya chini hugeuka manjano, mmea hung'oka kwa urahisi, na kitako chake kina ukungu mweupe kama pamba wenye vitone vyeusi vidogo kuliko wimbi. Vitone hivyo huweza kuishi udongoni miaka 20 vikisubiri kitunguu kingine cha aina yoyote, na hakuna dawa ya dukani itakayousafisha udongo huo. Huja na punje zenye ugonjwa, au na udongo ulioganda kwenye mbegu na jembe la kuazima.

Kwa hiyo tupa kila punje laini au yenye ukungu. Ukiona dalili, ng'oa mmea pamoja na udongo unaouzunguka, uchome, wala usiutie kwenye mboji. Tuta hilo lisipandwe tena vitunguu wala liki. Hata tuta lenye afya lipumzike na jamii hiyo miaka mitatu au minne, likipandwa maharagwe au mboga za majani. Afisa wa kilimo wa wadi yako anaweza kukuangalilia mmea unaoutilia shaka.

Kuvuna na kutenga

Ya shingo ngumu ikitoa kikonyo, kikate kinapoanza kujikunja ili nguvu irudi chini. Kikonyo chenyewe kikikaangwa ni kitamu. Majani ya chini yakianza kukauka, acha kumwagilia wiki mbili. Theluthi moja hadi nusu ya majani ikiwa kavu, inua kwa uma wa shamba, usivute. Ukichelewa, ngozi hupasuka na punje hutawanyika.

Kausha kivulini penye upepo kwa wiki mbili au tatu, bila kuosha. Jua kali huipika saumu. Ya shingo laini iliyokauka vizuri hukaa miezi sita au zaidi, ya shingo ngumu hupungua mapema. Vijitunguu vya mviringo visivyogawanyika huliwa kama saumu nyingine, na vikipandwa tena mwaka unaofuata huweza kutoa vichwa vyenye punje.

Kabla ya kupeleka mavuno jikoni, tenga vichwa 25 vilivyo vikubwa na visivyo na doa, uviandike tarehe na mahali mbegu yake ilikotoka, uvining'inize pakavu. Mwaka ujao, katikati ya Machi, hivyo ndivyo vitakavyoingia friji.