Matabishi ya Arusi Kalemie: Mafunzo Niliyopata Nikishika Mfuko

Katika familia yetu mimi ndiye ninayeshikishwa mfuko wa arusi. Ukumbi, viti na bia vina faktire. Matabishi, yaani bakshishi ya wahudumu, hayana, na maneno yote huanzia hapo.

1. Uliza kilichomo ndani ya bei, kisha kiandikwe.

Mwenye ukumbi hutaja bei ya jumla. Muulize: usafi wa kesho yake umo? Mlinzi wa pikipiki? Mafuta ya jenereta? Umeme wa mtambo wa Bendera ukikatika saa tatu usiku na bibi arusi hajaingia, huo si wakati wa kubishania mafuta. Ukileta vinywaji vyako mwenyewe, kuna kumbi zinazotoza kwa kila kasiya. Chupa tupu nazo zihesabiwe zikiingia na zikitoka, maana zikipungua unalipa wewe.

2. Matabishi ya mapema hununua bia baridi.

Hili nimeliona kwa macho. Mjomba mmoja alimwita kijana wa kuhudumia hata chakula hakijaombewa, akamtilia franka 5000 mfukoni. "Asante, papa." Tangu hapo bia za Simba za baridi zilipita juu ya vichwa vya mama zetu kwenda meza ya mjomba, na wale mama waliokesha wakikaanga mikebuka wakabaki na soda ya vuguvugu. Kijana simlaumu sana. Ujira wake wa siku ni mdogo, basi anayempa kitu ndiye bosi wake. Siku hizi ninawakusanya wahudumu na watu wa protokole kabla wageni hawajafika, ninawatajia mbele ya mkubwa wao watakachopata mwishoni, kwa sharti kwamba meza zote zihudumiwe sawasawa. Wajomba nao ninawaomba wasitoe kitu mezani. Wengine hawasikii.

3. Toa franka.

Dola yenye mpasuko kidogo tu inakataliwa hata na muuza ndagala. Badilisha mapema upate noti za 500 na 1000. Zile zinazobandikwa maarusi usoni na kumwagiwa wapiga muziki wakati wa dansi ni zao, usizihesabie wahudumu. Ukituma kwa M-Pesa au Airtel Money, ongeza gharama ya kutoa, la sivyo umempunja.

4. Anza na nyuma ya ukumbi.

Anayefungua chupa anaonekana na kila mtu. Mama muosha sahani yuko uani, ameinamia beseni mpaka saa nane za usiku, simu yenye tochi ameibana kati ya shingo na bega. Bahasha yake naiandika ya kwanza, nampa mwenyewe mkononi. Ikipitia kwa mkubwa wa kazi, itafika imepungua.

5. Mgeni wa Ulaya aelezwe mapema.

Shemeji yetu aliyetoka Ufaransa alikataa kutoa chochote: kule, tangu 1987, bei ya mkahawani lazima iwe na huduma ndani yake. Ni kweli, na ni utaratibu mzuri. Ila mhudumu wa kule ana mshahara wa mwezi. Huyu wetu ameitwa kwa siku moja.

Kama unaandaa arusi kiangazi hiki, tenga fungu la matabishi siku ileile unayolipa avansi ya ukumbi, na mpe alishike mtu asiyekunywa.