Kuacha Pombe na Dawa za Kulevya: Usimfungie Ndani, Mpeleke Hospitali

SOMO LA AFYA

Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, Kwaresima inapoanza au mwaka mpya unapoingia, wakazi wengi wa Pwani huweka nia ya kuacha pombe au dawa za kulevya. Nia hiyo ni njema na inafaa kuungwa mkono na familia, majirani na viongozi wa dini. Lakini kuna jambo ambalo jamaa wengi hawajaambiwa: kwa baadhi ya watu, kuacha ghafla wakiwa nyumbani kunaweza kuwaua. Somo hili linaeleza ni nani aliye hatarini, mwili hupitia nini, na hospitali hufanya nini ili mtu aache kwa usalama.

KWA NINI MIKONO HUTETEMEKA

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miezi au miaka, ubongo huizoea hali hiyo na hujiongezea kasi ili aweze kuamka, kutembea na kufanya kazi. Pombe ikikatwa ghafla, breki imeondoka lakini kasi imebaki. Ubongo huwa kama lori linaloteremka mlima bila breki: moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, jasho humtoka na mikono hutetemeka.

Ndiyo maana mnywaji wa kila siku hutafuta glasi ya asubuhi ya "kutoa loki". Wengi hudhani hiyo ni hengova tu. Sivyo. Mtu akihitaji pombe asubuhi ndipo mikono itulie, mwili wake tayari unaitegemea. Haijalishi kama ni mnazi, chang'aa, busaa, bia au pombe ya chupa. Huyu ndiye hapaswi kuacha ghafla bila kumwona daktari au kliniko ofisa.

SIKU NNE ZA HATARI

Tuchukue mfano wa mzee anayekunywa mnazi kutwa, kila siku, na amekunywa glasi ya mwisho Ijumaa saa mbili usiku.

Jumamosi asubuhi: Anatetemeka, anatoka jasho, ana kichefuchefu na wasiwasi, na usiku uliopita hakulala. Dalili hizi kwa kawaida huanza kati ya saa 6 na saa 24 baada ya kinywaji cha mwisho.

Jumamosi hadi Jumapili jioni: Anaweza kupatwa na kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Hatari hii ni kubwa kati ya saa 6 na saa 48.

Jumapili usiku hadi Jumanne: Wachache hufikia hatua mbaya zaidi. Mgonjwa hajui yuko wapi, anaona wadudu au watu ambao hawapo, mwili una joto kali na moyo unaenda mbio. Hapa ndipo baadhi ya jamaa husema amerogwa au ana majini, wakaanza kutafuta mganga. Huu ni ugonjwa wa dharura. Usipotibiwa huua, na ukitibiwa mapema wengi hupona.

Walio katika hatari zaidi ni wale waliowahi kupatwa na kifafa au kuchanganyikiwa walipojaribu kuacha zamani, wazee, wenye ugonjwa wa ini, maambukizi au jeraha la kichwa, na wanaochanganya pombe na vidonge.

KILA DAWA INA NJIA YAKE

Vidonge vya usingizi na vya kutuliza, vikiwemo vile vinavyoitwa bugizi mitaani: Kuvikata ghafla baada ya kuvitumia kwa muda mrefu huleta kifafa kama ilivyo kwa pombe. Daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, na kazi hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi.

Unga, yaani heroini: Arosto huanza takriban saa 8 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na nyingi hupungua ndani ya wiki moja hivi. Mtu huumwa na mifupa na tumbo, hutapika, huharisha, pua na macho humtiririka na hapati usingizi. Mateso hayo ni makali, ingawa kwa mtu mwenye afya si kawaida yaue yenyewe. Kinachoweza kumwangusha ni kukaukiwa na maji kwa kutapika na kuharisha. Mama mjamzito asikatizwe unga ghafla, kwa sababu mtoto tumboni huwa hatarini. Apelekwe kliniki.

Bhangi, miraa na muguka: Kuacha huleta hasira, uchovu, huzuni au usingizi wa mang'amung'amu. Wengi huweza kuacha wakiwa nyumbani, lakini mtu akianza kusikia sauti au kusema anataka kujiua, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali.

HOSPITALI HUFANYA NINI

Watu wengi huogopa kwa sababu hawajui kitakachofanyika. Kwanza utaulizwa unatumia nini, kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Sema ukweli wote, pamoja na vidonge. Hapo mhudumu anatafuta dozi sahihi, hakuhukumu. Mtaje pia kila ugonjwa na kila dawa unayomeza.

Kwa mgonjwa wa pombe, muuguzi hupima joto, mpigo wa moyo, shinikizo la damu na kiasi cha kutetemeka mara kadhaa kwa siku. Hupewa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepamu, kwa dozi inayopungua siku hadi siku. Wengi humaliza hatua hii ndani ya wiki moja. Hupewa pia vitamini B1, iitwayo thayamini, kwa kuwa walevi wa muda mrefu huwa na upungufu wake, na upungufu huo unaweza kuharibu kumbukumbu kabisa. Akihitaji dripu ya sukari, thayamini hutangulia au hupewa pamoja nayo.

Usinunue diazepamu dukani ukamtibu mtu nyumbani. Ikichanganyika na pombe, inaweza kusimamisha pumzi.

Kwa mtumiaji wa unga, daktari anaweza kutuliza dalili moja moja au kumwanzisha methadoni. Methadoni ni dawa ya kunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto na hamu ya unga, ili mtu arudi kazini na kwa watoto wake. Nchini Kenya huduma hii ilianza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi mwaka 2014, na mwaka 2015 ikafika Pwani katika hospitali ya Malindi. Anayetumia methadoni asiiache ghafla, na amwambie daktari akianza dawa za kifua kikuu, kwa sababu mojawapo, rifampisini, hupunguza nguvu ya methadoni na dozi hubidi irekebishwe.

HATARI BAADA YA KUTOKA

Hapa wengi hupotea. Mtu aliyekaa siku kadhaa au wiki bila unga, awe alikuwa hospitali, rehabu au gerezani, mwili wake umesahau dozi ya zamani. Akirudia kiasi kile kile, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo kuondoa sumu mwilini ni mlango tu. Ndani kuna ushauri nasaha, matibabu ya msongo na huzuni, vikundi vya kusaidiana na kazi ya kufanya. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani, uliza: "Kliniki ijayo ni lini, na nani atamfuatilia?"

FAMILIA IFANYE NINI

1. Usimfunge kamba wala kumfungia chumbani. Akipatwa na kifafa usiku hakuna atakayejua.
2. Kama anatetemeka kila asubuhi, msimwage pombe yote na kumwambia aache leo. Mpelekeni kwanza kituo cha afya ili apimwe na mpango uwekwe.
3. Kama tayari ameacha na dalili zimeanza, mpeni maji, msimwache peke yake, na safari ya hospitali ianze.
4. Akishikwa na kifafa, mlazeni kwa ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, na msimtie kijiko wala kidole mdomoni.
5. Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chenu anaweza kuwaelekeza kituo kilicho karibu.

Kimbilieni hospitali mara moja mkiona kifafa, kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, joto kali, kutapika damu, kutapika kusikokoma, au mtu asiyeamka na anayepumua polepole. Aliyekunywa pombe na macho yakaanza kufifia naye ni wa dharura, kwa kuwa huenda pombe hiyo ilikuwa na methanoli.

MASWALI YANAYOULIZWA

Nikienda hospitali nitashikwa na polisi?
Mhudumu yupo kukutibu, na maelezo yako ya matibabu ni siri. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Si ni bora aende rehabu moja kwa moja?
Inategemea. Rehabu isiyo na wahudumu wa afya haiwezi kutibu kifafa usiku wa manane. Ulizeni kama imeidhinishwa na NACADA na kama kuna daktari au muuguzi kila wakati.

Ameacha mara tatu na kurudia. Kuna haja gani?
Huu ni ugonjwa unaorudi, kama pumu au kisukari. Kurudia kunaonyesha kuwa matibabu yaongezwe au yabadilishwe, wala si sababu ya kumfukuza nyumbani. Ila kwa mnywaji, kila jaribio la kuacha ghafla linaweza kuwa kali kuliko lililotangulia. Ndiyo sababu jaribio lijalo lifanyike hospitali.

Naweza kuzungumza na nani leo?
Piga simu NACADA kupitia 1192, bila malipo. Unaweza kupiga kwa ajili yako mwenyewe, mwanao, mumeo, mkeo au jirani.

Ukiwa na jamaa aliyeweka nia ya kuacha, mpongeze, kisha muulize swali moja kabla hajaanza: "Ukiamka asubuhi bila kunywa, mikono inatetemeka?" Akijibu ndiyo, andamaneni hospitali.