Klachi Ikikataa: Badili Silinda ya Chini Wewe Mwenyewe

Ndugu mkulima, ni saa 12 asubuhi na mikebe ya maziwa imekwisha pakiwa nyuma ya pikapu. Unakanyaga klachi, na pedali yashuka mpaka sakafuni bila uzito wowote. Unajaribu gia ya kwanza, nayo inalia kwa kelele na kukataa kuingia. Kituo cha maziwa hakingoji mtu, na fundi yuko mjini.

Wakulima wengi wakifikwa na jambo hili huambiwa kwamba klachi imekwisha, nao hukubali giaboksi iteremshwe. Hiyo ni kazi ya siku nzima na fedha nyingi. Kumbe mara nyingi kilichoharibika ni raba ndogo ndani ya silinda ya chini, kitu unachoweza kukibadili nyumbani kwa muda wa asubuhi moja ukiwa na spana chache na mtu wa kukusaidia.

Yafaa kwanza ujue jinsi klachi inavyofanya kazi. Ukikanyaga pedali unasukuma pistoni iliyo katika silinda ya juu, karibu na miguu yako. Pistoni hiyo husukuma mafuta ya breki katika paipu nyembamba mpaka silinda ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi pale inapokutana na injini. Hapo pistoni ya pili husukuma fimbo fupi, fimbo husukuma mkono wa chuma, na klachi huachana na injini. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu wako hufika yote. Lakini hewa hubonyea. Raba ikikatika, mafuta hutoka na hewa huingia, na mguu wako unakuwa unabonyeza hewa.

Sasa chunguza. Ikiwa injini inanguruma kwa nguvu na pikapu iliyobeba viazi haipandi mlima, pleti ya klachi ndiyo imekwisha. Silinda haina kosa, na hapo giaboksi itateremshwa kweli. Lakini ikiwa gia zinalia, au pikapu inataka kutembea hali umekanyaga klachi, au inakubali baada ya kupiga pedali mara tatu nne upesi, basi shida iko katika mafuta. Tazama kikopo cha mafuta chini ya boneti. Kikiwa kimepungua, tafuta yalikotokea. Papasa juu ya pedali ndani ya gari: pakiwa na majimaji, silinda ya juu ndiyo inayovuja. Kama pamekauka, ingia chini ukainue kifuniko cha raba cha silinda ya chini. Yakichuruzika mafuta meusi, umempata mwizi.

Katika magari mengine silinda hii haionekani kwa nje, maana imezungushwa ndani, kati ya injini na giaboksi. Gari la namna hiyo mpelekee fundi. Maneno yanayofuata ni ya pikapu ambazo silinda yake iko nje, na hizo ndizo nyingi katika skimu zetu.

Unaweza kununua raba peke yake, na ni rahisi zaidi. Walakini, ikiwa silinda imeingia kutu ndani na kufanya mashimo, raba mpya itakatwa upesi. Kwa gari la kazi za shamba, linalopita matopeni kila mvua, mimi naona ni heri kununua silinda nzima. Mwuzaji umpe namba ya chesisi, au umchukulie ile ya zamani. Angalia mwilini mwake. Mara nyingi pameandikwa kipimo cha tundu kwa inchi. Kipimo kiwe kile kile. Usidanganyike kwamba kubwa ni bora, kwa sababu silinda pana husukuma fimbo mwendo mfupi zaidi, na gia zitaendelea kulia.

Nunua pia chupa mpya ya mafuta ya breki. Soma kifuniko cha kikopo. Kwa kawaida pameandikwa DOT 3 au DOT 4, nawe ufuate hivyo. Usitie kamwe mafuta ya injini, dizeli wala mafuta ya taa. Yakigusa raba, hufura na kuharibika zote, za juu na za chini. Na katika magari ambayo klachi na breki zinatumia kikopo kimoja, kosa hilo litafika hata kwenye breki, nawe utalijua ukiwa mteremkoni. Chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka juzi uitupe, kwani mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani. Tena ni sumu, kwa hiyo yawekwe mbali na watoto na mifugo. Yakimwagikia rangi ya gari, osha kwa maji mara moja.

Kabla ya kuingia chini, fikiri juu ya uhai wako. Simamisha gari mahali tambarare na pagumu. Udongo mweusi uliolowa hauwezi kubeba jeki, maana itazama au itapinduka. Kama pikapu ni ndefu kutoka ardhini, usiinue kabisa. Ikibidi kuinua, iweke juu ya stendi za chuma au magogo mapana yaliyokatwa sawasawa. Jeki ni ya kuinulia tu, na matofali hupasuka ghafula. Vuta breki ya mkono, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, na ufunguo uutie mfukoni mwako. Mtu huweza kusema, "Nimeacha gari katika gia, halitasogea." Asahau hilo! Msaidizi wako atakapokanyaga klachi iliyopona, gia haitalishika gari tena. Kitakachokulinda ni zile kabari na breki ya mkono.

Sasa kazi yenyewe. Osha matope yote kuzunguka silinda na ukaushe, maana chembe moja ya mchanga ikiingia itakata raba mpya. Fungua kikopo, tandaza kipande cha karatasi ya plastiki mdomoni, ukifunge tena. Mafuta hayatamwagika mengi. Weka sufuria kuukuu chini. Legeza nati ya paipu wakati silinda bado imefungwa imara, kwa spana inayoishika vizuri, kwa kuwa ni laini na hupoteza pembe zake upesi. Ikikataa, paka mafuta ya kulegezea kutu usubiri. Ukilazimisha, paipu itajikunja na kukatika. Kisha fungua bolti mbili zinazoshika silinda. Ikiwa paipu yako ni ya mpira na imeingia moja kwa moja ndani ya silinda, fungua bolti kwanza, halafu uzungushe silinda yenyewe, wala usiusokote mpira.

Linganisha mpya na ya zamani, hasa urefu wa fimbo. Fimbo yenye nati ya kurekebishia ipimwe kabla hujaigusa. Mtu yeyote asikanyage pedali wakati huu.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, ila anza nati ya paipu kwa vidole hali silinda ingali huru, ili isipite kombo. Kama kuna washa za shaba, tia mpya. Hakikisha fimbo imekaa katika kishimo chake kwenye mkono wa klachi, na ile skrubu ndogo ya kutolea hewa iwe upande wa juu. Ikikaa chini ya paipu, hewa haitatoka hata ukikesha.

Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wengi, na sababu ni haraka. Jaza kikopo. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye skrubu, na ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mke wako au kijana wako akae penye pedali, mpatane maneno mawili. Ukisema "chini", akanyage polepole na kushikilia hapo. Wewe fungua skrubu kidogo, povu litoke, ufunge. Ndipo useme "juu", naye aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa yote itarudi, na mtaanza upya. Mara za kwanza pedali huenda isirudi yenyewe. Aivute kwa mkono. Baada ya kila mara tano tazama kikopo, kisikauke, na yale yaliyotoka usiyarudishe. Endeleeni mpaka mafuta yaje safi bila povu. Pedali itaanza kuwa nzito mguuni.

Ondoa vyombo vyote chini ya gari, washa injini, kanyaga klachi, hesabu mpaka tano, kisha tia gia ya kurudi nyuma. Ikiingia kimya, klachi imepona. Endesha mpaka langoni na kurudi, ukauguse tena mwili wa silinda kama umekauka.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kupakia maziwa, tazama kikopo mara nyingine. Kikiwa kimeshuka na chini ni pakavu, papasa tena juu ya pedali. Silinda mbili zilizofungwa mwaka mmoja huzeeka pamoja, na ile ya juu mara nyingi huanza kuvuja muda mfupi baada ya ya chini kupata nguvu mpya.