Nguvu ya Jua katika Ziwa Tanganyika

Ninyi mkaao kando ya Ziwa Tanganyika, huko Uvira, Kalemie na Moba, mmeona jambo hili mara nyingi: ndagala huletwa ufukoni kwa vikapu, mikeke huja wachache kuliko hao, na sangala mkubwa akipatikana watu hukusanyika kumtazama. Kwa nini wadogo ni wengi na wakubwa ni wachache? Wengine hujibu kwamba mkubwa hujua kujificha. Jibu hilo halitoshi. Sababu ni chakula, au tuseme sawasawa zaidi, ni nguvu iliyomo ndani ya chakula, ambayo watu wa elimu huiita nishati.

Nguvu hiyo hutoka katika jua. Juu ya maji huelea mimea midogo mno, hata jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja. Nayo hufanya kazi ileile ifanywayo na jani la muhogo shambani: hupokea mwanga, na kwa mwanga huo hujenga mwili wake kwa maji na hewa. Samaki hawezi kazi hiyo, wala mbuzi, wala mtu. Vidudu vya maji hula mimea hiyo, ndagala hula vidudu, mikeke hula ndagala, na sisi hula mikeke. Basi mtoto alaye mikeke jioni anakula mwanga wa jua uliokwisha kupita katika miili minne.

Lakini angalieni: nguvu haipiti yote. Ndagala ameogelea, amemkimbia adui, amezaa. Kila kazi imetumia sehemu ya nguvu, nayo imetoka mwilini kama joto, wala haitarudi tena. Sehemu nyingine imetoka katika mavi. Mvuvi apigaye kasia usiku kucha anaelewa vema: nguvu ya ugali wa jioni haimo tena mwilini asubuhi. Kwa hiyo mikeke amlapo ndagala hapati yote ambayo ndagala alikula maishani mwake. Hupata kile tu kilichobaki katika nyama yake.

Kijana mmoja wa Marekani, Raymond Lindeman, alichunguza ziwa dogo la Cedar Bog Lake, katika jimbo la Minnesota, akahesabu nguvu iliyomo katika kila ngazi ya walaji. Maandiko yake makuu yalichapwa mwaka 1942, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka uleule. Waliomfuata wameona kwamba, kwa wastani, sehemu moja tu katika 10 hupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Pengine huzidi, pengine hupungua. Hesabuni sasa. Kilo 1 ya mikeke imetaka kilo 10 hivi za ndagala. Hizo zimetaka kilo 100 za vidudu, na vidudu vimetaka kilo 1,000 za mimea. Ni kwa sababu hiyohiyo gunia la mahindi hulisha watu wengi likiliwa lenyewe, kuliko likipewa nguruwe kwanza.

Msichanganye nguvu na mbolea. Nguvu hupita mara moja tu, lakini mbolea huzunguka. Viumbe wakifa huzama, huoza, na mbolea yao hukaa chini, gizani. Ziwa letu lina kina cha meta 1,470 hivi mahali palipo na kina kikubwa kuliko pote, na katika maji ya chini hakuna hewa ya kupumua, wala samaki hawakai humo. Tangu Mei hadi Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu, na mbolea hupanda kwenye mwanga. Pasipo upepo huo, jua lingewaka bure juu ya maji yasiyo na mbolea.

Na hapo ndipo penye hofu. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, na upepo hushindwa kuyachanganya na maji mazito ya chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwamba kazi ya mimea ya ziwa huenda imepungua kwa sehemu 20 katika 100, na kwamba upungufu huo waweza kupunguza samaki kwa sehemu 30 hivi katika 100. Wavuvi wazee wanaolalamika hawasemi upuuzi.

Wengine huuliza: je, si afadhali kula ndagala na kuwaacha mikeke? Kwa hesabu ya nguvu, ndiyo, kwa maana tunaruka ngazi moja. Lakini ndagala tunayemtoa ndiye chakula cha mikeke. Tena kuna wanaokokota chandarua cha mbu ufukoni, ambacho hakimwachi hata mtoto wa samaki. Ndagala hao wangekua kwa kula vidudu, wangezaa, nao wazima wangevuliwa kwa taa usiku usio na mwezi. Sasa hujaza bakuli moja tu.