"Kilowati-saa" au "Kilowati kwa Saa"? Tafsiri na Ugeuzaji wa Vipimo Vikubwa vya Nishati

1. Utangulizi
Tafsiri ya istilahi za kisayansi haipotoki kwa kukosa msamiati pekee. Wakati mwingine huharibiwa na kihusishi kimoja. Makala haya yanachunguza jinsi "kwa" inavyovuruga hesabu ya umeme, kwa mifano ya Homa Bay na Migori.

2. Nguvu na nishati
Jouli hupima nishati. Wati hupima nguvu, yaani kasi ya kutoa nishati hiyo. Wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde. Hapa "kwa", ikiwa kati ya vipimo viwili, huashiria kugawanya, kama katika "kilomita 60 kwa saa". Kilowati-saa, kinyume chake, ni zao la kuzidisha: kilowati 1 mara saa 1. Anayeandika "kilowati kwa saa" amegeuza kuzidisha kuwa kugawanya.

3. Ngazi ya vipimo
Uniti anayoipata mkazi wa Homa Bay anaponunua tokeni za umeme ni kilowati-saa 1, sawa na megajouli 3.6. Kutoka hapo kila daraja huwa mara 1,000 ya lililotangulia: megawati-saa, gigawati-saa, terawati-saa. Jouli hupanda sambamba: megawati-saa 1 ni gigajouli 3.6, na gigawati-saa 1 ni terajouli 3.6.

4. Mfano wa Gogo
Kituo cha umeme cha maporomoko ya Gogo, kwenye Mto Kuja, Migori, kilijengwa katika miaka ya 1950 kuhudumia mgodi wa Macalder, kikiwa na uwezo wa megawati 2. Mwaka una saa 8,760. Kituo cha uwezo huo kikifanya kazi kikamilifu bila kusita:

2 × 8,760 = megawati-saa 17,520
17,520 ÷ 1,000 = gigawati-saa 17.52
17.52 × 3.6 = terajouli 63.072

Hizo ni uniti 17,520,000. Kwa hiyo, kusema kituo "huzalisha megawati 2 kwa mwaka" ni kosa. Maji ya mto yakipungua, uwezo uliosimikwa hubaki megawati 2, ilhali nishati ya mwaka hupungua.

5. Hitimisho
Mfasiri atangulize swali: je, vipimo hivi vinazidishwa au vinagawanywa? Vikizidishwa, aviunganishe kwa kistari. Vikigawanywa, atumie "kwa". Asipofanya hivyo, mwananchi atasoma ripoti ya umeme kwa Kiswahili fasaha, lakini hataweza kuilinganisha na uniti anazolipia.